Edwyn Collins wa Orange Juice: kwa nini aliyefungua njia hakuvuna kama waliomfuata?

Mzee wa Santuri
Wakuu, heshima zenu. Wengi humu mnamjua Edwyn Collins kwa wimbo mmoja tu, A Girl Like You, ule wenye gitaa linalokwaruza uliotoka 1994 na kutamba redioni mwaka uliofuata. Ukilitaja jina lake unajibiwa, "Aah, yule wa kibao kimoja." Inaniuma kila ninapoisikia hiyo.

Hoja yangu ni hii. Kabla ya wimbo huo bwana huyu alikuwa na bendi Glasgow, Orange Juice, kuanzia 1979. Singo yao ya kwanza, Falling and Laughing, ilitoka 1980 kwa lebo ya Postcard, ambayo Alan Horne aliiendesha kutoka kwenye flati yake mtaa wa West Princes. Lebo ya sebuleni, nembo yake paka anayepiga ngoma. Kutoka kwenye flati hiyo ulitoka mtindo mzima: gitaa jepesi linalomeremeta, besi inayochezeka, maneno ya kijana mwenye aibu anayejua kusoma. Bendi kama Belle and Sebastian, Franz Ferdinand na nyingine nyingi za Uskoti zimepita mlango huo.

Sasa swali: kwa nini waliokuja nyuma wakajaza kumbi kubwa na yeye akabaki kipenzi cha watu wachache wanaojua? Lebo kubwa ilimharibu? Sauti? Wenzake? Au mwenyewe hakutaka? Karibuni.

Fundi Redio
Mzee, mimi naanza na sauti, wala sizunguki. Sikiliza rekodi za Postcard kwa makini. Huyu mtoto wa Glasgow ana sauti nzito, inaning'inia chini kidogo ya noti, kuna mahali inateleza kabisa. Wenye kuipenda wanaipenda kufa. Lakini msikilizaji wa kawaida anayeosha vyombo huku redio ikilia anataka sauti iliyonyooka. Nimetengeneza redio maisha yangu yote, najua mtu anageuza kitufe kwa sababu gani.

Binti Kigamboni
Naweka kiti hapa mbele. Endeleeni, nakunywa chai.

Jirani wa Glasgow
Salamu kutoka huku kwenye mvua. Fundi Redio, marekebisho kidogo: Collins alizaliwa Edinburgh, 1959. Utotoni alikaa Dundee, halafu familia ikahamia Bearsden, pembeni ya Glasgow. Bendi yenyewe ilianza 1976 kwa jina la Nu-Sonics, jina la Orange Juice likaja 1979.

Na hili la Edinburgh lina maana kwenye mada. Postcard ilikuwa na Orange Juice wa Glasgow, Josef K wa Edinburgh, Aztec Camera wa East Kilbride, na The Go-Betweens kutoka Brisbane, Australia. Yote hayo ndani ya 1980 na 1981, kisha lebo ikafa. Horne alijinadi kwamba hiyo ndiyo sauti ya Uskoti ya vijana, akiiga wito wa Motown, lebo ya Marekani. Ukiwauliza wazee wa maduka ya santuri huku, wanakwambia Postcard ilikuwa na kila kitu isipokuwa pesa na uvumilivu. Singo chache tu, na zote zinasikilizwa hadi leo.

Shabiki wa Kisauni
Waambaje jamaa zangu. Fundi Redio waonea sauti ya watu bure. Mbona waimbaji kibao wasiojua noti wamepata milioni? Tatizo ni Polydor. Vijana walitoka lebo ya sebuleni wakaingia kampuni kubwa, albamu ya kwanza ikatoka 1982, You Can't Hide Your Love Forever, ikafika nafasi ya 21 Uingereza. Ile rangi ya mwanzo yote ilipakwa lipu. Weka singo za Postcard kando ya albamu hiyo usikie: huku mikono inakimbizana, kule kila kitu kimepigwa pasi. Na wapenzi wao wa mwanzo walikasirika wallahi, maana waliona wameuzwa.

Mzee wa Santuri
Kisauni, nakubali nusu. Lakini wimbo wao pekee ulioingia arobaini bora Uingereza ulitoka wakiwa Polydor hao hao: Rip It Up, nafasi ya 8, mwaka 1983. Bila fedha za Polydor usingekuwepo.

Shabiki wa Kisauni
Na baada ya hapo? Waliurudia? Hapana. Basi hoja yangu iko palepale.

Fundi Redio
Hapa kwenye Rip It Up nina la kusema, maana ni la kifundi.

Ile besi unayoisikia mle, ile inayobwabwaja, haijapigwa na mtu. Ni mashine, Roland TB-303, kisanduku cha rangi ya fedha kutoka Japani. Ilitengenezwa ili mpiga gitaa aliye peke yake apate besi ya kufanyia mazoezi nyumbani. Kwa kazi hiyo ilishindwa, kwa sababu mlio wake haufanani na besi ya kweli hata kidogo, na kuipangia noti ni mateso: unaingiza noti upande mmoja, urefu wake upande mwingine, ukikosea unaanza upya. Roland wakaacha kuitengeneza 1984. Baadaye vijana wa Chicago wakaziokota kwa bei ya kutupa, wakazungusha vile vitufe vya juu wimbo ukiendelea, na muziki wa acid house ukazaliwa.

Orange Juice walitangulia. Rip It Up ndio unaotajwa kuwa wimbo wa kwanza kupanda chati za Uingereza ukiwa na besi ya mashine hiyo. Kwa hiyo Mzee unaposema "gitaa jepesi", ongeza na hili. Jamaa walikuwa wanasikiliza Chic na muziki wa disko wakati wenzao wanaona aibu kuukubali. Gitaa la Collins kwenye nyimbo za mwanzo ni ridhimu ya Chic iliyopigwa na mtu aliyelala akisikiliza Velvet Underground, bendi ya roki ya New York.

Kasuku Mweupe
Fundi umetisha. Swali la kizushi: mpiga besi wa bendi alikuwa anafanya nini siku hiyo? Alitumwa vocha?

Jirani wa Glasgow
Kasuku, David McClymont alikuwepo na alikuwa mpiga besi mzuri sana, nyimbo za Postcard zimesimama juu ya vidole vyake. Ila umegusa sababu yangu mimi: bendi haikuwahi kutulia. Baada ya albamu ya kwanza James Kirk na Steven Daly waliondoka. Kirk ndiye aliyeandika Felicity, mojawapo ya nyimbo zao bora, baadaye bendi ya The Wedding Present wakaurudia. Daly, mpiga dramu, akaja kuwa mwandishi Marekani. Akaingia Malcolm Ross kutoka Josef K, na Zeke Manyika kwenye dramu. Mwaka 1984 McClymont na Ross nao wakaondoka, wakabaki wawili, Collins na Manyika. Mwanzoni mwa 1985, kwenye onesho la kuwachangia wachimba makaa waliokuwa kwenye mgomo, pale Brixton, London, ndiyo ikawa mwisho.

Ukimpoteza Kirk unampoteza mtu wa kubishana naye. Collins alipobaki mtunzi peke yake, nyimbo zilikuwa nzuri, lakini lile vuguvugu la magitaa mawili yanayogombania nafasi lilikwisha.

Mtu wa Tunduma
Jirani umelitaja jina la Manyika kisha ukapita mbio. Simama hapo kwanza.

Zeke Manyika ni Mzimbabwe. Kwa miaka yote wanayosema "Orange Juice, sauti ya Uskoti", nyuma ya dramu kuanzia 1982 amekaa mtoto wa Kusini mwa Afrika. Na hakuwa wa kupiga tu, alitunga na kuimba pia. Kwenye albamu ya Rip It Up kuna Hokoyo, jina la Kishona, jina lile lile la albamu ya 1978 ya Thomas Mapfumo, mwanamuziki wa Zimbabwe. Mimi nimefanya kazi Harare, huko Mapfumo hahitaji utambulisho. Siku niliyokutana na jina hilo kwenye kava la bendi ya Glasgow nilirudia kulisoma.

Sikilizeni mdundo kwenye Rip It Up. Mashine inabwabwaja, sawa, lakini anayeufanya mtu atikise mabega ni Manyika. Hauanguki mzito kama roki ya Kiingereza, unatembea. Bendi ilipovunjika akatoa albamu zake, Call and Response mwaka 1985 na Mastercrime mwaka 1989, na akapiga na bendi ya The The. Kwa hiyo Mzee, swali lako la aliyefungua njia na hakuvuna, mimi nalihamishia kwake. Collins angalau ana filamu na tuzo.

Mzee wa Santuri
Tunduma, umeupeleka uzi mahali nilipotamani ufike. Niongeze: albamu ya 1984 ya Collins na Manyika na ile fupi iliyoitangulia, Texas Fever, zilitayarishwa na Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados, mmoja wa mafundi wakubwa wa reggae na dub London. Mskoti, Mzimbabwe na Mbarbados kwenye chumba kimoja. Ndiyo maana zile nafasi tupu kati ya vyombo zinapumua vile.

Binti Kigamboni
Nimesikiliza Rip It Up sasa hivi kwa sababu yenu. Mbona ni wa kucheza kabisa! Nilidhani mtaniletea watu wa kulia na gitaa.

Ila naomba niwaulize kaka zangu, nani alisema hakuvuna? Jirani atanisahihisha, lakini A Girl Like You ulifika nafasi ya 4 Uingereza 1995, Marekani ukaingia arobaini bora, ukawekwa kwenye filamu ya Empire Records. Na ulitoka kwa Setanta, lebo ndogo huru, si Polydor. Mtu aliyeachwa na kampuni kubwa akarudi kwa mlango wa nyuma akawashinda. Mimi hapo naona ushindi.

Jirani wa Glasgow
Sahihi, nafasi ya 32 Marekani. Na utamu wa wimbo wenyewe: mdundo wake umekatwa kutoka wimbo wa Len Barry wa 1965, juu yake vibrafoni na lile gitaa la kukwaruza. Paul Cook, yule mpiga dramu wa bendi ya Sex Pistols, yumo kwenye albamu yenye wimbo huo, Gorgeous George. Baada ya hapo Collins akawa na studio yake London, West Heath, imejaa vifaa vya zamani alivyovikusanya kwa mapenzi. Wanamuziki wengi wadogo walirekodi pale.

Shabiki wa Kisauni
Dada Kigamboni, ushindi upi? Mwaka 2009 mtu huyo alitaka kuuweka wimbo wake mwenyewe kwenye ukurasa wake wa MySpace, bure, mashabiki wausikilize. Akazuiwa! Mfumo ukasema haki ni za kampuni ya Warner. Mkewe, Grace Maxwell, ambaye pia ni meneja wake, akahangaika kuwaeleza kwamba haki ni za Edwyn, hakuna anayesikia. Ikabidi aandike hadharani, magazeti yakaichukua. Wimbo wako, jina lako, uso wako, na mashine inakwambia si wako. Hapo ndipo mavuno yanapokwenda.

Kasuku Mweupe
Kisauni wewe kila jambo ni kampuni. Mvua ikinyesha Mombasa ni kampuni.

Shabiki wa Kisauni
Na mifereji ikiziba nani alipewa tenda?

Fundi Redio
Turudi kwenye mada. Narudia: sauti. Kati ya 1985 na 1994 ni miaka tisa. Alitoa albamu mbili nzuri, Hope and Despair ya 1989 na Hellbent on Compromise ya 1990, wachache wakazigusa. Hakukuwa na Polydor wa kumsingizia hapo.

Mzee wa Santuri
Fundi, sauti ile ile ndiyo iliyoimba A Girl Like You.

Fundi Redio
Kwa miaka mingi ilikuwa imeshuka na kukomaa. Si ile ile. Sikiliza zote mbili usiku, bila haraka.

Nesi wa Zamu
Habari za jioni. Si mjuzi wa bendi, nimeingia kwa sababu nilimjua huyu baba kwa njia nyingine. Tulioneshwa habari zake kwenye mafunzo ya kuhudumia wagonjwa wa kiharusi.

Februari 2005, akiwa na miaka 45, alivuja damu kwenye ubongo mara mbili ndani ya siku chache. Akafanyiwa upasuaji wa kichwa, juu yake akapata maambukizi ya MRSA, bakteria sugu kwa dawa nyingi, akakaa hospitali miezi kama sita. Upande wa kulia ulilegea na usemi ukaondoka, hali tunayoiita afasia. Kilichobaki mdomoni mwanzoni kilikuwa "ndiyo", "hapana", jina la mkewe Grace Maxwell, na sentensi moja kamili isemayo uwezekano hauna mwisho. Alikuwa anairudia rudia. Filamu kuhusu maisha yake iliyotoka 2014 ilichukua jina hapo.

Ninachotaka watu wajue: afasia haiondoi akili. Mgonjwa anakuelewa, anakujua, jibu analo, njia ya kulitoa ndiyo imekatika. Ndugu wanakuja wodini wanaongea juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Tafadhali msifanye hivyo.

Binti Kigamboni
Nesi, nimeacha chai. Marehemu baba yangu alipata kiharusi, maneno yakapotea, akabaki na "sawa sawa". Akiwa na njaa "sawa sawa", akikasirika "sawa sawa". Lakini Jumapili kwaya ikianza wimbo anaoujua anauimba wote, ubeti kwa ubeti, bila kukosea. Majirani wakasema anajifanya. Lilituumiza sana lile neno. Naomba unieleze, inawezekanaje?

Nesi wa Zamu
Pole sana dada. Hakuwa anajifanya. Usemi kwa watu wengi hukaa upande wa kushoto wa ubongo, na kuimba hushirikisha sana upande wa kulia. Ukiumia kushoto, wimbo unaweza kubaki. Kuna tiba ilibuniwa Boston 1973 inayotumia jambo hilo. Unakaa mbele ya mgonjwa, unaushika mkono wake wa kushoto, unaugonga mezani taratibu kwa kila silabi huku mnaimba pamoja kitu anachokihitaji kila siku: "na-ta-ka ma-ji". Unapunguza sauti yako kidogo kidogo mpaka anabaki anaimba peke yake, halafu melodia inaondolewa, yanabaki maneno.

Mtu wa Tunduma
Nesi, mimi nimeambiwa tofauti na mtaalamu wa usemi aliyemhudumia kaka yangu. Alisema melodia si kitu kikubwa, kinachofanya kazi ni mdundo, kule kugonga kwa mkono. Na nyimbo za kwaya zinatoka kwa sababu zimekaririwa tangu utoto, kama mtu anavyotoa Baba Yetu bila kufikiri. Kaka alisaidika kwa kugonga meza tu, hatukuimba, yeye si wa kuimba.

Nesi wa Zamu
Wapo watafiti wanaosema hivyo hivyo, mdundo na mazoea. Wodini kwetu nimeona wanaosaidika kwa wimbo na wasiosaidika.

Jirani wa Glasgow
Kwa Collins, jibu la mazoea pekee halinitoshi, kwa sababu hakuimba nyimbo za zamani tu, alitunga mpya. Home Again ya 2007 ilirekodiwa kabla ya ugonjwa. Lakini Losing Sleep ya 2010 ni ya baada, wakamsaidia wapiga gitaa Johnny Marr na Roddy Frame, na vijana wa Franz Ferdinand. Understated ikafuata 2013. Alikuwa anaimba wazo kwenye kinasa sauti, wengine wanalipigia gitaa. Maneno ni mafupi, yamenyooka, yule kijana wa mafumbo wa Postcard hayupo tena.

Na mkono wa kulia haukurudi kupiga. Nimeona picha za video: yeye anabonyeza nyuzi kwenye shingo ya gitaa kwa mkono wa kushoto, Grace amekaa ubavuni anapitisha mkono wake kwenye nyuzi. Gitaa moja, watu wawili. Kabla ya muziki kurudi alianza kwa kuchora ndege kwa mkono huo wa kushoto, na michoro ya kwanza ni mistari inayotetemeka, baadaye unamtambua ndege ni yupi. Ujana wake alishawahi kufanya kazi ya uchoraji, kwa hiyo alikuwa anajifunza upya kitu alichokijua.

Mzee wa Santuri
Jirani, hapo kwenye maneno yaliyonyooka nasimama nawe. Mimi nazipenda nyimbo za baada ya 2005 kuliko zote. Hakuna pa kujificha.

Fundi Redio
Na sauti imekuwa bora zaidi. Nzito, haiharakishi. Hapa Mzee hatubishani.

Kasuku Mweupe
Andikeni tarehe, Fundi kakubali kitu.

Halafu anaishi wapi sasa? London ile ile?

Jirani wa Glasgow
Hapana, 2014 walihamia Helmsdale, kijiji cha pwani kaskazini kabisa mwa Uskoti, kwenye nyumba iliyokuwa ya babu yake. Amejenga studio juu ya kilima, Clashnarrow, inaangalia bahari. Albamu ya 2019 inaitwa Badbea, jina la kijiji kilichoachwa si mbali na hapo. Watu walifukuzwa kwenye mabonde yao ili matajiri wafuge kondoo, wakasukumwa mpaka ukingoni mwa jabali. Upepo wa pale inasimuliwa ulikuwa mkali kiasi kwamba akina mama walifunga watoto na mifugo kwa kamba wasipeperushwe baharini. Nimefika. Yamebaki mawe ya kuta na mnara wa kumbukumbu.

Shabiki wa Kisauni
Watu kutolewa kwenye ardhi yao ili mwingine afuge. Hilo hata huku pwani halihitaji kufafanuliwa.

Mtu wa Tunduma
Mwaka 2025 katoa albamu nyingine, Nation Shall Speak Unto Nation, na akafanya ziara ya kuaga. Kwa anayeuliza aanzie wapi: anza na Rip It Up albamu nzima, usiruke Hokoyo, kisha nenda Gorgeous George, kisha Losing Sleep. Za Postcard ziweke mwisho, masikio yakiwa yamezoea.

Mzee wa Santuri
Napinga kabisa. Za Postcard kwanza! Ukianza na Polydor utaelewa vibaya kila kitu.

Shabiki wa Kisauni
Sasa waja upande wangu. Polydor ndio tatizo, nilisema toka mapema.

Mzee wa Santuri
Sijasema hivyo, nimesema mpangilio wa kusikiliza.

Binti Kigamboni
Mimi naanza na za baada ya ugonjwa. Nesi, lile zoezi la kugonga mkono, kuna umri au muda ambao ukipita haliwezi tena? Shangazi yangu yuko Tanga, ni mwaka wa pili sasa.

Nesi wa Zamu
Kupita muda mrefu si sababu ya kukata tamaa dada, wapo wanaopiga hatua hata baada ya miaka. Aonwe kwanza na mtaalamu wa usemi. Wakati mnasubiri, muulizeni maswali ya ndiyo na hapana, moja moja, zimeni redio na televisheni, na mpeni nafasi ya kujibu bila kummalizia sentensi. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze pa kuanzia Tanga.

Mtu wa Tunduma
Na mwenye santuri ya Mastercrime ya Manyika, iwe Dar, Mbeya au Nairobi, anijulishe. Nanunua hata kama kava limechanika.